Waya wa kichwani leba: mwongozo kamili wa kumkinga mtoto na maambukizi, kwa wazazi wa Lamu na wanaowalea

Mama anayezalia Lamu, mara nyingi mapigo ya mtoto wake husikilizwa kwa Pinard, ile pembe fupi mkunga anayoiegemeza tumboni akaitegea sikio, au kwa dopla ndogo ya mkononi. Vyote viwili hukaa nje ya tumbo. Lakini wapo wanaopewa rufaa ya Mombasa, wapo wanaochagua hospitali ya kibinafsi, na wapo wanaozalia walikoolewa, Uarabuni au Uingereza, kisha wakaja nyumbani na mtoto mchanga kumaliza arobaini kwa mama zao. Hao ndio huenda wakakutana na kipimo cha ndani: waya mwembamba unaopitishwa njia ya uzazi hadi kichwani kwa mtoto, ukashikizwa kwenye ngozi kwa ncha iliyojipinda kama parafujo. Waganga huiita elektrodi.

Ncha hiyo huingia ngozini milimita moja au mbili. Watoto wengi waliowekewa hawapati neno. Wachache huota jipu pale pale, na kwa nadra sana vijidudu hushuka kwenye damu au kuufikia mfupa wa fuvu. Kinachonisumbua mimi ni kwamba kidonda chenyewe kimefunikwa na nywele, na mzazi akifika nyumbani wanaoshika kichwa cha mtoto ni bibi, mavyaa, somo, na siku ya saba mwenye wembe. Hao wasipoambiwa, watapaka mafuta na kunyoa juu ya kidonda wasichojua kwamba kipo. Kwa hivyo mwongozo huu unaanzia kliniki na kuishia ukumbini kwenu.

Vijidudu vinapita wapi

Mtoto aliye tumboni hukingwa na mambo mawili: chupa ya maji isiyovunjika na ngozi isiyo na tundu. Waya wa ndani unahitaji yote mawili yavunjwe. Hauwezi kuwekwa mpaka chupa ivunjike, na mlango wa kizazi uwe umefunguka sentimita mbili au tatu angalau. Kama chupa bado nzima, mkunga ataivunja. Kisha ngozi inatobolewa. Bakteria wanaoishi ukeni bila kumdhuru mama, pamoja na wale wa ngozini, wanapata mlango. Wakati mwingine pamoja na waya huo huwekwa mpira mwembamba ndani ya mji wa uzazi wa kupima nguvu ya uchungu. Huo haumtobi mtoto, ila nao ni kitu cha nje kilichopita njia hiyo hiyo.

Virusi ni habari nyingine. Mama mwenye VVU, homa ya ini aina ya B au C, au malengelenge ya sehemu za siri, damu na majimaji yake yakikutana na ngozi iliyotobolewa ya mtoto, njia ya kuambukiza imefunguliwa kwa mkono. Ndiyo maana miongozo mingi ya uzazi inashauri waya huu uepukwe kwa akina mama hao.

Hatua ya kwanza: maliza vipimo kliniki

Pale kliniki, iwe hospitali ya King Fahd, Mpeketoni, Faza au zahanati ya kijijini, mjamzito hutolewa damu mapema. Usikubali kurudi nyumbani bila kujua ni nini kilichopimwa. VVU na kaswende ni vya kawaida; uliza na homa ya ini B. VVU hupimwa tena ujauzito ukikomaa, kwa sababu majibu ya mwezi wa tatu hayasemi lolote juu ya mwezi wa nane. Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha mama na mtoto, na kitabu hicho kikae kwenye mkoba wa leba. Ukifika wodi ya mbali katikati ya usiku, anayekupokea hakujui. Atakachokifungua ni hicho kitabu.

Malengelenge hayana kipimo cha kawaida cha kliniki. Hapo itabidi useme mwenyewe. Kama umewahi kutoka vipele vya maji vinavyochoma sehemu za siri, au mume amewahi, mwambie mkunga mkiwa wawili tu. Najua aibu ya jambo hili huku kwetu, na najua kwamba wengi huenda kliniki wamesindikizwa na mavyaa. Omba faragha, ni haki yako, na wakunga wamezoea. Anayetoka vipele hivyo kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua ndiye aliye na hatari kubwa kuliko aliyekuwa navyo miaka mingi, na daktari anaweza kupanga upasuaji kabla chupa haijavunjika.

Taja pia kama ukoo wenu au wa mume una wavulana ambao damu yao haigandi wakitahiriwa au wakijikata. Mtoto mwenye hemofilia hatobolewi kichwa.

Hatua ya pili: ujue utazalia wapi

Hii ni fupi. Uliza kliniki kama mimba yako ni ya kuzalia hapa au ya rufaa, na usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uwe umekamilika. Kama ni ya rufaa, safari ya Mombasa ni boti hadi Mokowe, kisha Witu, Garsen, Malindi na Kilifi, zaidi ya kilomita 300. Wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini waongeze hesabu ya maji: Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri bahari ikiwa imekupwa, na kusi likivuma hata nahodha mzoefu hupima mara mbili. Mimba ya rufaa isingojee uchungu kisiwani.

Hatua ya tatu: chupa ikivunjika, shika saa

Maambukizi ya kichwani huanza kupikika kabla ya waya wenyewe. Tangu chupa ivunjike, kila saa inayopita bakteria hupanda juu, na miongozo mingi huhesabu kwamba ikipita saa 18 mtoto yumo hatarini zaidi na mama anafaa kupewa dawa za kuua bakteria. Kwa hivyo chupa ikivunjika, tazama saa, andika. Tazama na rangi: maji safi hayana rangi au yana weupe mwepesi, ya kijani yanaonyesha mtoto ameshanya ndani, yenye harufu mbaya yanaonyesha vijidudu vimeshafika. Vaa pedi safi, usiingize kitu chochote, usikae kwenye beseni la maji ya mitishamba, na usikutane na mumeo. Kisha nenda hospitali bila kungoja uchungu ukolee.

Ukiwa leba, kila kidole kinachoingia kupima njia nacho kinabeba chake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza upimwaji wa njia kila baada ya saa nne kwa leba inayokwenda sawa. Wakija wanafunzi watatu kwa zamu, kila mmoja akitaka kupima, una ruhusa ya kusema, "Sista, nimepimwa sasa hivi, nimeambiwa sentimita tano."

Hatua ya nne: wakikuambia watakuwekea waya

Shirika hilo hilo, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, linasema mama mwenye afya aliyeanza uchungu mwenyewe asikilizwe kwa dopla au Pinard: kila baada ya dakika 15 hadi 30 uchungu unapokuwa umeshika, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma, kila mara kwa dakika nzima angalau. Mapigo ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Mama asiye na tatizo hahitaji hata mkanda wa mashine, ule unaofungwa tumboni kusikiliza mapigo, sembuse waya.

Waya una sababu zake za haki. Mkanda wa nje unapoteza mapigo kila mama akigeuka, au mama ana mwili mkubwa, au wamebebwa pacha na wa kwanza hasikiki vizuri, na wakati huo huo kuna shaka kwamba mtoto anachoka. Hapo kutojua hali ya mtoto ni hatari kubwa kuliko tundu la milimita mbili, na mimi ningekubali. Nisichokikubali ni waya unaowekwa ili kumpunguzia mhudumu kazi ya kushikilia kipimo.

Uliza kwa adabu, na mwenzako aliyekusindikiza awe anasikia:

"Daktari, mapigo ya mtoto yana shida gani?"

"Nikigeuka ubavu wa kushoto, au sista akaushika mkanda kwa mkono, hayatasikika?"

"Umeona majibu yangu ya VVU na homa ya ini kwenye kitabu?"

"Mimba ina wiki ngapi?" Chini ya wiki 34 waya hauwekwi, ngozi ya mtoto njiti ni laini mno.

"Kichwa kimekaaje?" Lazima ajue anachokigusa. Uso, macho, sehemu za siri na utosi havishikizwi waya. Na kondo la nyuma likiwa limeziba mlango, hakuna kuingiza chochote.

Akikujibu haya bila kusita, uko mikononi mwa mtu anayejua kazi. Akikasirika, mwenzako aombe mkubwa wa zamu.

Hatua ya tano: ukishawekewa

Waya ni wa mtoto mmoja, unatoka kwenye pakiti iliyofungwa, na pakiti hupasuliwa mbele yako. Sehemu za siri husafishwa, mhudumu huvaa glavu safi za pakiti. Uliza mara ngapi wameujaribu kabla haujashika, maana kila jaribio ni tundu. Mtoto aliyejaribiwa mara tatu ana madoa matatu ya kuchunguzwa nyumbani.

Muda nao una uzito. Sababu ya kuuweka ikiisha, utolewe. Ukipata joto la 38 au zaidi, tumbo likauma hata katikati ya uchungu, au mapigo ya mtoto yakapanda zaidi ya 160 yakakaa hapo, sema, kwa sababu hizo ni dalili za maambukizi ndani ya mji wa uzazi na dawa ya mshipa huanza hapo hapo.

Kutolewa kwake ndiko nitakakotaka mwenzako akodoe macho. Waya uliingia kwa kuzungushwa kulia, na hutoka kwa kuzungushwa kushoto, pole pole, mpaka ncha ijifungue yenyewe. Ukivutwa, unararua, na kidonda cha nukta kinakuwa mchaniko. Ukienda upasuaji wa ghafla, waya huweza kusahaulika chini ya mashuka, kabla ya kukatwa tumbo uulizie: "Waya wa kichwani umetolewa?" Ncha itazamwe kama imetoka nzima.

Hatua ya sita: usitoke wodini bila maandishi

Kabla ya kuondoka, mwambie nesi akuonyeshe mahali. Afungue nywele kwa vidole, akuwekee kidole chako pembeni ya alama, na wewe upige picha kwa simu kwenye mwanga. Picha ya siku ya kwanza ndiyo utakayoilinganisha na ya siku ya tano, nesi wa Faza akikuuliza, "Kilikuwa hivi tangu mwanzo?"

Kisha iandikwe kitabuni kwamba mtoto aliwekewa elektrodi ya kichwani, upande gani, muda gani, na kama alivutwa pia kwa vacuum, ile pampu ya kumvuta mtoto kichwani, maana watoto wengine hupata vyote viwili. Mama mwenye homa ya ini B aulizie chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 za kwanza. Asingojee pentavalenti, chanjo ya pamoja ya wiki ya sita. Mama mwenye VVU asiondoke bila dawa za mtoto mkononi.

Hatua ya saba: nyumbani, wiki tatu za mwanzo

Jipu la waya mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za kwanza, na huweza kuchelewa hadi ya tatu. Mama huyu wakati huo yuko ndani, anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, na mtoto anapokewa mkono hadi mkono. Kwa hiyo jambo la kwanza ukifika ni kuwakusanya wanaokulea na kuwaonyesha alama. Usimwambie bibi "daktari amekataza" ukaishia hapo. Mwekee kidole chake pembeni ya kidonda kama nesi alivyokuwekea wewe. Bibi aliyekiona hukilinda kuliko mama mwenyewe.

Kila asubuhi, baada ya kunawa mikono kwa sabuni, mpeleke mtoto penye mwanga wa dirisha au wa kiwanda, ule ua wa ndani. Fungua nywele. Kidonda kizuri ni nukta nyeusi kavu, haina wekundu mpana, na baada ya siku chache kigaga huanguka. Bonyeza pembeni kwa ncha ya kidole: pasiwe na joto, pasitepete, mtoto asilie kwa kubonyezwa hapo zaidi ya kwingine.

Mtoto asioshwe kabla ya saa 24 kupita. Baadaye kichwa kioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na sabuni isiyo kali, kikaushwe kwa kugusagusa. Basi. Mafuta ya nazi na ya simsim yapakwe mwilini, yasifike kidondani. Wanja, manjano, dawa ya utosi, majivu na maziwa ya mama navyo vikae mbali. Hata jeli ya klorheksidini mliyopewa ya kitovu ni ya kitovu, na isikaribie macho kabisa. Imewahi kuumiza macho ya watoto waliotiwa kimakosa.

Sasa wembe. Siku ya saba mtoto hunyolewa, nywele hupimwa, sadaka ikatolewa kwa uzani wake wa fedha. Wembe ukipita juu ya kigaga unakifungua upya, na ukiwa umetumika kwa mwengine unabeba damu ya mwengine. Kunyoa ni sunna, na kidonda ambacho hakijakauka ni udhuru; mwulizeni sheikh wenu kuhusu kusogeza siku. Mkishaamua kunyoa, wembe uwe mpya, ufunguliwe hapo hapo, mnyoaji anawe mikono, na aizunguke alama kwa upana wa kidole gumba. Kishungi cha nywele kitakachobaki hakimwaibishi mtu. Kitanyolewa mwezi ujao.

Na wageni. Watakuja kumtazama mtoto, watafukiza udi, watambusu. Mwenye kidonda cha homa mdomoni, au kipele cha maji, asimbusu na asimshike kichwa. Virusi vya malengelenge ya mdomo kwa mtu mzima ni kero ya wiki. Kwa mtoto mchanga vinaweza kufika kwenye ubongo. Mwambie mama mkwe akaseme yeye kwa wageni. Neno lake halikatwi.

Hatua ya nane: lini kupanda boti

Alama ikizidi kuwa nyekundu, ikavimba, ikatoa maji au usaha, mtoto aonwe siku hiyo hiyo hata kama ananyonya vizuri. Msitumbue, msikamue, msifunge kwa jani. Jipu dogo lililoonwa mapema husafishwa na kutobolewa na mhudumu, kisha hupona. Lililokamuliwa nyumbani linasukuma usaha ndani.

Vipele vya maji vidogo vidogo, vikiwa kwenye alama au popote mwilini, ni vya kwenda sasa hivi. Malengelenge ya mtoto hujitokeza hasa kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, dawa yake ni asiklovia ya mshipa, na kila siku ya kungoja inamgharimu mtoto. Mtajieni daktari neno waya; vinginevyo atadhani ni upele wa joto, na kwa joto letu hatakuwa na kosa.

Kichwa kikiwa safi bado mtazame mtoto mzima, kwa sababu maambukizi ya damu hayangoji jipu. Dalili zake ni hizi: anakataa ziwa au ananyonya kwa ulegevu, joto la kwapani ni 37.5 au zaidi, au liko chini ya 35.5, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea, amepatwa na degedege, hajitikisi mpaka aguswe, ana manjano siku ya kwanza, au wakati wowote kwenye viganja na nyayo. Mojawapo inatosha. Kipimajoto cha tarakimu kinauzwa duka la dawa, na ni cha thamani kuliko zawadi nyingi wanazoletewa wazazi. Msisahau kwamba mtoto mchanga mgonjwa mara nyingi hupoa badala ya kuchemka, na watu humfunika wakidhani baridi ya kaskazi.

Aliye Kipungani au Matondoni asingoje boti ya abiria, akodi. Aliye Pate na bahari imekupwa apelekwe kwanza kituo cha karibu apate sindano ya kwanza, kisha asafirishwe maji yakijaa. Njiani mtoto awe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, chini ya leso, na anyonyeshwe kama anaweza kumeza.

Uvimbe usio jipu

Watoto wengi huzaliwa na kichwa kilichorefuka na uvimbe laini utosini. Huo unatokana na kusukumwa na huisha siku mbili tatu. Upo mwingine unaotokea saa kadhaa au siku moja baada ya kuzaliwa, upande mmoja, unaotepeta na haupiti mstari wa kati wa fuvu. Hiyo ni damu iliyojikusanya juu ya mfupa, hasa kwa waliovutwa. Huchukua wiki nyingi kuisha, pembeni hujenga ukingo mgumu, na huongeza manjano kwa kuwa damu ile inavunjwavunjwa. Haukandwi, hauwekwi kitambaa cha moto, wala hautobolewi na yeyote, hata daktari, bila sababu kubwa, kwa sababu damu tuli ni chakula cha bakteria. Lakini waya ukiwa ulipita hapo hapo, kagua kila siku. Ukiwa mwekundu, ukapata joto, ukaanza kukua tena baada ya kupungua, au mtoto akapata homa, hesabu ni ile ya jipu: hospitali siku hiyo hiyo, na kitabu mkononi.